Mvua, Mwavuli na Sufuria

Ilikuwa mwaka 2010. Hapana, nimekosea, ilikuwa 2011, mwanzoni kabisa, maana ile theluji kubwa ya baada ya Krismasi ilikuwa bado imelala kando ya barabara za Queens, nyeusi kama makaa kwa moshi wa magari, siku Dilruba alipomwekea baba yake kitabu mapajani.

"Baba, kuanzia leo wewe ndiye mwalimu."

Mzee Lutfor alikuwa fundi cherehani tangu kwao Sylhet, na hapa New York alishona mapazia mpaka macho yakamgomea. Sasa alishinda nyumbani na mjukuu wake Nuzhat, wa miaka minne, bintiye Dilruba, wazazi wakiwa kazini. Kitabu kilikuwa cha mazoezi ya ule mtihani wa kuchagua watoto wenye vipaji. Mtoto akifaulu, anaingia darasa maalumu. Akikosa, ni shule ya mtaani, ambako watoto wamejaa hadi wengine wanasomea kwenye vibanda vya mabati uani.

"Mtihani wa nini kwa mtu asiyejua kufunga viatu?"

"Usiniulize mimi, Baba. Fundisha tu."

Basi akafungua, na kitabu kikamnasa yeye kwanza. Kulikuwa na maumbo yanayogeuzwa na kukunjwa, nawe useme lipi linafuata. Mzee aliyatazama kama vipande vya shati kabla hayajaunganishwa. Akawa anaamka mapema ayafumbue kabla mtoto hajashuka kitandani. Habari zikamfikia Gofur, muuza tambuu wa pale chini ya daraja la reli.

"Lutfor, ndugu yangu, nasikia unasomea chekechea! Tukununulie mkoba wenye katuni?"

"Ninunulie. Na nikifaulu nitakuachia kiti, maana wewe hata kukunja jani la tambuu unakosea."

Siku moja wakafika ukurasa wa mvua. Mvua inanyesha, je, tunahitaji nini? Palikuwa na picha ya mpira, miwani ya jua, sufuria na mwavuli. Nuzhat akaweka kidole kwenye sufuria bila hata kupepesa.

"Sawasawa kabisa!" akasema babu.

Nani asiyejua? Mvua ikianza, watu wanapika khichuri, mchele na dengu chungu kimoja, na yai la kukaanga juu. Marehemu mkewe alikuwa akiona wingu tu, anaosha dengu.

Jioni Dilruba akakagua. "Nani kasema sufuria?"

"Sisi sote wawili."

"Mwavuli, Baba! Mwavuli!"

"Mwavuli wa nini, na mtu yumo ndani anangoja chakula?"

Dilruba nusura acheke. "Baba, kule hakuna atakayemuuliza kwa nini. Anaonyesha kidole mara moja, basi, wanahamia swali jingine."

"Mama," akasema Nuzhat, "kwani mvua inanyesha? Mimi nina njaa."

Jambo hilo lilimshangaza mzee kuliko maumbo yote. Kumbe kujua hakutoshi. Lazima ujue na anayeuliza amelelewa wapi. Akatunga mchezo. Sisi tungesema nini, na mwalimu angesema nini? Nuzhat akaupenda kupita kiasi.

"Kiatu kinakaa wapi?"

"Sisi, mlangoni! Mwalimu, mguuni!"

Wakacheza hivyo wiki nzima, na mzee akawa na hakika kwamba mtoto ameiva.

Siku ya mtihani, mama mmoja mwenye kitambulisho kifuani alitokea ukumbini, akamshika Nuzhat mkono, na mtoto akaenda naye bila kugeuka nyuma. Dilruba aliusokota mtandio wake hadi ukawa kamba. Mtoto aliporudi, alikuwa na furaha tele.

"Mwalimu ana mafua. Nimemwambia anywe tangawizi."

"Na maswali, mama yangu?" akauliza babu. "Ulijibu kama sisi au kama mwalimu?"

"Kwa zamu. Moja letu, moja lake. Asijisikie vibaya."

Dilruba akaegemea ukuta, akafumba macho.

Matokeo yalikuja miti ilipochipua. Nuzhat alikosa, tena kwa kidogo sana. Dilruba hakumlaumu baba yake. Alikipandisha tu kitabu juu ya kabati, akaenda kupika, na siku ile sufuria ziligongana kuliko kawaida. Mzee akajiona kama fundi aliyekata vibaya kitambaa cha mteja.

Walipokwenda kumwandikisha shule ya mtaani, Lutfor akajikokota mpaka kwa karani wa kike aliyekuwa dirishani.

"Ule mtihani wa vipaji, mama," akaanza.

"Matokeo hayabadilishwi, mzee."

"Sitaki yabadilishwe."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kujua tu. Yale majibu wanayoyakosea watoto, yuko mtu anayekaa chini akayasoma?"

Karani akamwita aliyefuata kwenye foleni. Siku zilizofuata mzee akamuuliza mwalimu mkuu, akamuuliza na daktari wa watoto, akamuuliza hata Gofur: yuko mtu anayeyasoma, akajiuliza kwa nini sufuria?