Mpunga wa Mama na Neno Nililolimeza

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Nimesoma mpaka darasa la saba tu na naandika polepole, lakini kusema ni kugumu zaidi kwangu. Watu wakiniangalia, kinywa kinafunga.

Mama alivuka mpaka kutoka Kongo na mbegu ya mpunga aliyoifunga kiunoni kwa kitambaa. Sufuria tuliziacha. Ni mpunga mfupi wenye ndevu nyekundu, na ukipikwa jirani wanakuja wenyewe kwa harufu. Alipewa na mama yake. Hapa Mantapala, kambi ya wakimbizi ya Zambia, tulipanda bondeni, kwenye maji, ukakubali.

Mwaka wa tatu majani yalianza kukauka kutoka nchani, kingo zikawa nyeupe. Mwanamke mmoja wa kilimo akaja kutoka Nchelenge. Alisema Kibemba, na Mama anajua Kibemba cha kununua samaki tu, kwa hiyo mimi nilisimama katikati kutafsiri. Wanawake wa mashamba ya jirani wakatuzunguka.

Alikata jani, akalitia katika glasi ya maji safi. Kitu kama maziwa kikatoka kwenye mkato, kikashuka polepole. Akasema hao ni bakteria. Wakiingia ndani ya jani, wanagusa urithi wa mpunga wenyewe, mahali panapoamuru sukari itoke, na mpunga unatii. Unawalisha mpaka wanauziba mishipa. Kuna mpunga mwingine uliozaliwa mahali hapo pakiwa pamebadilika kidogo. Bakteria wakiagiza, hausikii. Akaomba kikombe kimoja cha mbegu yetu aizalishe na huo mkaidi, labda mbegu itakayozaliwa ingebaki na harufu.

Nilitafsiri kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu!" mama jirani alinitania. "Weye siku ya ndoa yako, padri atangoja 'ndiyo' mpaka Pasaka!"

Walicheka wote, ila Mama.

"Anasema mbegu ya mama yangu ilizaliwa na bugonjwa?"

"Anasema... iko vile, Mama."

"Mwambie mupunga hii ilikomalisha batoto saba. Kikombe hapana. Mutu hawezi kutukana mbegu yangu, kisha anaiomba."

Yule mwanamke hakukasirika. Alisema neno moja la mwisho: msikate vichwa vya miche. Kwetu, kabla ya kupandikiza, wanawake hufunga miche mafungu, wanakata ncha zote kwa kisu kimoja ili isilale majini. Akasema kila mkato ni mlango, na kisu kinabeba ugonjwa kutoka fungu hadi fungu.

Mama alikuwa bado na hasira. Wanawake wananiangalia. Nimfundishe mama yangu kupanda, mbele yao?

"Anasema nini tena?" Mama aliuliza.

"Anaaga."

Msimu uliofuata Mama alimwaga mbegu yote kitaluni, hakubakisha. Alikata ncha kwa kisu chake, na mimi nilimpokeza mafungu, moja baada ya jingine. Wiki ya tatu baada ya kupandikiza miche ilijikunja, ikafa shamba zima. Hatukuvuna hata punje ya kurudisha ardhini.

Ndipo nilipomwambia. Aliendelea kupepeta unga.

"Ungesema, ningekutukana," alisema. "Kisha ningeacha kisu."

Sasa tunapanda mpunga wa kugawiwa, ule usiosikia. Unazaa vizuri. Mama anaula, anasema unashibisha. Hajasema kitu kingine juu yake. Na mimi nikipeleka kijiko kinywani, najua ni nani aliyeua ule mwingine. Bakteria walikuwa na haki yao ya kula. Mimi nilikuwa na ulimi tu.

Ninyi mnaosoma, kama mko Chienge, au kisiwani Chisenga, au ng'ambo tulikotoka, na mnaujua mpunga mfupi wenye ndevu nyekundu, niandikieni. Mpeni barua aliyewapa karatasi hii. Nahitaji mbegu ya kujaza vikombe viwili: kimoja cha Mama, kimoja nitakipeleka mwenyewe Nchelenge. Hata kama hamna, andikeni kwamba hamna, niache kumwambia Mama tungoje.