Begi Lililopangwa Darajani

Wapo wanaosema ukungu wa Kieni humchezea mtu macho, na mimi sibishani nao. Nimeishi humu zaidi ya nusu ya maisha yangu, na nimewahi kusalimia mti nikidhani ni jirani. Lakini ukungu haukunji nguo za mtoto. Haufungui begi la mtu ukalipanga upya. Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa sijaonja pombe yoyote, na mtoto aliyezaliwa siku hiyo yuko hai. Anauza nafaka pale Chaka, nenda ukamwone.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumegawiwa shamba kwenye mteremko juu ya barabara ya Naro Moru, nami kwa kuwa nilikuwa nimesoma sekondari, nilipata kazi ya ukarani katika chama cha maziwa. Mke wangu Wairimu alikuwa na mimba ya pili. Ile ya kwanza tulikuwa tumeipokea kwa furaha ya watu wanaojiona wasomi: tulinunua nepi, tukanunua vijigauni, tukavitundika ukutani ili tuvitazame jioni. Mtoto alizaliwa bila kulia. Tulimzika kabla ya kumpa jina.

Mama yangu hakusema mengi siku ile. Alisema tu, "Mlimnunulia nguo mtu ambaye hajafika. Ati mlikuwa na haraka ya nini?"

Wazee wetu wengi waliamini hivyo, kwamba mtoto hatayarishiwi kitu, maana ukimtayarishia unawaonyesha wabaya njia ya kumfikia. Na simsingizii mama. Hakunilazimisha. Mimi ndiye niliyelishika neno lake kwa mikono miwili, kwa sababu ilikuwa rahisi kulaumu vijigauni kuliko kukaa hivi hivi bila cha kulaumu.

Mimba hii ya pili ilipofika mwezi wa nane, nesi wa kliniki alimwambia Wairimu apakie begi la hospitali na aliweke karibu na mlango. Nikasema katika nyumba yangu hakuna kitu kitakachonunuliwa. Wairimu akanyamaza, nami nikadhani amekubali. Wewe umewahi kuona mwanamke mjamzito akikubali jambo kwa kunyamaza?

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, niliingia stoo kutoa viazi vya mbegu. Nyuma ya magunia nikaona begi langu la zamani la shule, limejaa hadi zipu inavutika.

"Hii ni nini?" nikaita.

"Si unaona ni begi," Wairimu akajibu kutoka jikoni.

"Ndani kuna nini?"

"Viazi."

Nikalifungua. Palikuwa na leso mbili, gauni la kulalia, kikombe, sabuni, pamba, uzi, wembe mpya ungali ndani ya karatasi yake, nepi zilizoshonwa kutokana na shuka letu kuukuu, soksi ndogo na blanketi ndogo. Alikuwa ameviweka kimoja kimoja, kila siku ya soko. Mwanamume mwenye akili angeguswa. Mimi niliogopa, na woga wangu ukatoka nje ukiwa hasira. Nikamwambia begi nalipeleka Chaka kwa binamu yangu aliyejifungua juzi. Yeye, nikasema, ana mtoto wa kweli wa kuvisha.

Wairimu akafuta mikono kwa aproni. "Na huyu wangu si wa kweli?"

Nikalitia begi begani.

"Haya, nenda. Akizaliwa nitamfunga na gunia la viazi. Hilo angalau ulilinunua mwenyewe."

Nikatoka. Nilishika njia ya mkato inayoteremka hadi barabara kuu, na kabla sijafika kwenye kijito ukungu ulishuka kutoka mlimani, mzito, pamoja na manyunyu na baridi ya kuuma masikio. Pale kijitoni kuna daraja la magogo. Mwanamke alikuwa ameketi mwisho wa daraja, kitambaa cheupe kichwani, mkono mmoja juu ya tumbo. Alikuwa mjamzito wa siku za mwisho. Sikumfahamu, jambo la ajabu, kwa maana watu wa mteremko ule tulikuwa tunajuana hadi mbwa.

"Habari ya mchana, mama," nikasema.

"Nzuri, baba mtoto. Lete hiyo begi nione."

Niamini, sikuwa nimetamka neno lolote juu ya mtoto. Lakini nilimpa. Kwa nini nilimpa? Nimejiuliza tangu siku ile na sijapata jibu, ila kwamba aliomba kama mtu anayedai kitu chake.

Aliliweka mapajani, akatoa kitu kimoja baada ya kingine. "Aliyepakia anajua kazi," akasema. "Lakini wembe umeenda chini kabisa, na blanketi iko chini ya nguo ya mama. Mtoto akifika, atangoja mkitafuta?"

Akaanza kupanga upya. Vitu vya mama vikaenda chini. Juu yake nepi na soksi. Juu kabisa akaweka blanketi, na ndani ya mkunjo wa blanketi akaweka wembe, uzi na pamba. Mikono yake ilikuwa myepesi kama ya mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi kichwani mwake.

Nikajikaza. "Mama, kwetu mtoto hanunuliwi nguo kabla hajafika."

Akacheka. "Na mimi niliambiwa hivyo. Kwa hivyo ukisikia mgeni amefika mlangoni, ndiyo unachukua jembe ukapande viazi vya kumpikia?"

Hata mimi nilicheka. Kisha yeye akaacha kucheka.

"Niliwasikiliza," akasema. "Nikatoka nyumbani mikono mitupu nikienda hospitali, nikafika hapa." Akafunga zipu, akanirudishia begi. "Wacha mambo ya Chaka. Rudi nyumbani. Ameanza."

Niligeuka nikaanza kupanda. Sikuwa nimekwenda mbali nilipogundua kilichokuwa kikinisumbua. Baridi ile ilikuwa ikinitoa mvuke mdomoni kila nilipopumua, kama sufuria jikoni. Mdomo wake yeye haukutoa chochote, hata alipocheka. Nikatazama nyuma. Daraja lilikuwa tupu.

Mlima ule niliupanda mbio. Nilimkuta Wairimu ameshikilia nguzo ya mlango, mama yangu, aliyeishi nasi, anamsugua mgongo. Mama aliliona begi mkononi mwangu, akanitazama usoni. Nikakimbia hadi kituo cha maziwa. Kariuki, dereva wa pikapu ya chama, alikuwa anapakia mitungi ya jioni.

"Teremsha maziwa," nikamwambia.

"Na wenye maziwa nitawaambia nini?"

"Kariuki, mke wangu anazaa."

"Si ungeanza na hiyo, karani? Unaongea maziwa na watu wanazaa."

Nilipanda nyuma ya pikapu pamoja na Wairimu na mama, chini ya turubai, lakini hatukufika hospitalini mjini. Tulipopita Chaka, mvua ikipiga turubai, mama akagonga kioo cha dereva na pikapu ikasimama kando ya barabara. Mimi nilishika tochi. Mama akasema, "Nipe kitu cha kumpokea. Na wembe." Nikaingiza mkono begini, na kila kitu kilikuwa pale pale kidole kilipogusa. Mtoto akatoka. Alikuwa msichana, kimya, rangi ya jivu. Nikaona yale ya kwanza yanarudi.

Mama akakunjua blanketi, na ndani yake akavuta shali ndogo ya sufu, rangi ya kondoo. Akamsugua nayo mgongo na kifua, akamsugua tena, huku akisema naye kwa Kikuyu kama anayemgombeza mtoto aliyechelewa kutoka shule. Mtoto akalia. Kule mbele Kariuki akapiga honi ndefu iliyowatoa watu nyumbani.

Hospitalini nesi alimpokea mtoto akiwa mkavu na mwenye joto. "Huyu alitayarishiwa vizuri," akasema.

Mama yangu akanitangulia kujibu. "Ndiyo, dada. Sisi hutayarisha."

Usiku huo wodini Wairimu aliniuliza ile shali niliinunua wapi. Mimi nilidhani ni yake. Yeye alidhani ni yangu, na alikuwa ameshaanza kunisamehe kwa sababu ya shali hiyo. Ningeweza kunyamaza, lakini nikamweleza yote, pamoja na nilivyolitoa begi nje nikiwa na nia ya kuligawa. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Basi kuna mtu alinihurumia." Hakusema ni mimi, na hakukosea.

Kariuki alipokuja kuturudisha nyumbani nilimweleza pia. Akapunguza mwendo.

"Mwenye kitambaa cheupe? Huyo ni Nyaguthii, karani. Alifia hapo darajani kabla hamjahamia huku, akienda kuzaa, yeye na mtoto. Watu hukutana naye. Huuliza tu kama uko na kitu cha kumfunga mtoto, na kila mtu hukimbia."

Mama yake Nyaguthii alikuwa bado anaishi ng'ambo ya kijito. Tulikwenda kwake siku hiyo hiyo, mtoto akiwa mikononi mwa Wairimu. Mwanamke mzee alikuwa anachagua maharagwe uani. Alipoiona shali alinyanyuka polepole, akaigeuza pembe moja, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Hapa niliruka mishono," akasema. "Nilikuwa nalia. Niliifuma wakati wa matanga, kwa sababu mjukuu wangu hakuwa na kitu cha kufungwa. Tuliiweka kwenye jeneza la mama yake."

Nikaanza kuifungua shali nimrudishie. Akaushika mkono wangu. "Mwache nayo. Ameitoa mwenyewe." Kisha akaomba ampakate mtoto, akampakata hadi maharagwe yakasahaulika na kuku wakayala.

Binti yetu tulimpa jina la mama yangu, kama desturi inavyotaka, lakini nyumbani anaitwa Nyaguthii, na alikua akiwa na nyanya mmoja zaidi ya watoto wengine. Shali ile iliwapokea ndugu zake wote. Baadaye Wairimu akawa anaiazimisha kwa kila mwanamke mjamzito wa mteremko ule, hadi ikabaki nyuzi. Nami nikawa yule karani anayechekwa, anayesimamisha wake za watu njiani akiwauliza kama wamepakia. Wacheke. Ninachojutia ni siku ile moja, na lile neno nililomwambia mke wangu kuhusu mtoto wa kweli.

Nimerudi darajani mara nyingi, ukungu ukishuka, nikitaka kumshukuru yule mama. Sijamwona tena. Kariuki naye aliuliza watu miaka yote aliyoendesha pikapu, na hakuna hata mmoja aliyekutana naye tangu siku ile.

Kwa hivyo wewe ambaye mke wako ameingia mwezi wa nane, pakieni leo. Blanketi iwe juu. Mkizaa salama bila kulihitaji begi, mshukuru Mungu na mnicheke mimi. Lakini usilitoe nje kama nilivyofanya, ukidhani utakuta mtu wa kukurudisha. Pale darajani hakuna mtu sasa. Nadhani alishakwenda nyumbani.