Salamu za Mkwe kutoka Kosta Rika

Nabangala hakuwa mtu wa kukosa maneno. Miaka thelathini tangu atoke Bungoma, alikuwa akifuma sweta za shule kwenye baraza moja pale Lubaga, Kampala, na hapakuwa na mtu aliyepita mbele yake bila kupewa salamu kwa lugha yake mwenyewe. Kwa hiyo Jumapili ile mwanawe Wangila, aliyekwenda Kosta Rika kusomea kilimo na kuoa huko huko, alipopiga simu ya video na kumwonyesha mama wa mkewe, Nabangala aliona haya ambayo hakuwahi kuiona. Bibi wawili wenye mjukuu mmoja walitazamana, wakatabasamu, kisha wakapungiana mikono kama watoto wa chekechea.

"Desemba tunakuja, Mama," Wangila alisema. "Na mama mkwe wangu, doña Rosario, yaani Bi Rosario, anakuja. Kiingereza hajui hata neno."

Nabangala hakulala vizuri. Mkwe hapungiwi mkono.

Asubuhi alimwendea Mugisho, fundi wa nguo aliyeweka cherehani yake upande wa pili wa baraza. Mugisho alikuwa Mkongo wa Bukavu, na kabla vita havijamleta Kampala aliwapikia masista wa Kihispania miaka tisa.

"Baba Elie, nifundishe Kihispania."

"Chote, Mama?"

"Cha kusalimia tu. Mengine Mungu atajua."

Wakaanza siku hiyo hiyo. Mugisho alimwambia ana bahati, kwa kuwa a, e, i, o na u za Wahispania ni hizi hizi za Kiswahili. "Ila h wanaiandika tu, hawaisemi. Salamu ya mtu yeyote wameandika *hola*, wewe unasema *ola*."

"Basi wanaiandika ya nini?"

"Hilo sikuwauliza. Mimi nilikuwa jikoni."

*Buenos días* ni ya asubuhi, *buenas tardes* ni ya baada ya chakula cha mchana, *mucho gusto* ni ya kufurahi kumjua mtu. Jirani yao Mganda, muuza ndizi, alijaribu naye akasema "Losalio", wakacheka wote watatu. Lakini Nabangala, kwa ulimi wake wa Kibukusu, aliivingirisha r ya Rosario mpaka Mugisho akaacha kushona.

Kazi ilikuwa kwenye heshima. "*¿Cómo estás?*, yaani u hali gani, ni ya rafiki au mtoto," Mugisho alimwonya. "Mkwe mwondolee hiyo s ya mwisho. *¿Cómo está?*"

"Nitaimeza," Nabangala alisema, na kutwa nzima alifuma huku akiimeza.

Simu iliyofuata alikuwa tayari. Alisalimia vizuri, na doña Rosario akaweka mkono kifuani kwa furaha. Nabangala akapata moyo. Wangila alikuwa amemwandikia kwenye ujumbe sentensi moja ya kutaja umri, naye akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani: *Tengo sesenta y dos anos.*

Doña Rosario akafunika mdomo, simu ikatikisika, na picha ikabaki ya dari.

Nabangala alimkimbilia Mugisho na ule ujumbe. Mugisho aliusoma, akashusha macho.

"Mwanao amesahau kialama juu ya n. Inatakiwa isemwe *anyos*, na ny ya nyanya. Hiyo ndiyo miaka."

"Na mimi nimesema nini?"

"Mama, mimi niliishi na masista."

"Sema, Baba Elie."

Akasema kwa sauti ya chini, akitumia maneno ya hospitali. "Njia ya haja kubwa."

"Nimemwambia mkwe ninazo ngapi?"

"Sitini na mbili."

Nabangala alijishika kichwa. Akaketi juu ya furushi la sweta, mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kilipotoka kilimleta muuza ndizi mbio akidhani kuna msiba.

Jioni uliingia ujumbe wa sauti. Mugisho aliusikiliza mara mbili kabla ya kuutafsiri. "Anasema hajacheka namna hiyo tangu amzike mumewe. Anasema anahesabu siku za kuja."

Mwezi wa Desemba, kwenye uwanja wa ndege wa Entebe, Nabangala alisimama na gauni lake la busuti la kijani, midomo ikimchezacheza kwa kurudia salamu. Mama mfupi mwenye mvi alitokea akisukuma toroli, mjukuu kakaa juu ya masanduku.

"*Buenas tardes*, doña Rosario. *¿Cómo está? Mucho gusto.*"

Hakuna herufi iliyoteleza. Doña Rosario alimkumbatia, akamwaga maneno kama bomba lililopasuka. Nabangala hakushika hata moja, ila kwa kila kituo alijibu "*sí*", ndiyo ya Kihispania, maana hilo nalo alifundishwa.

Garini Wangila alimgeukia. "Mama, unajua umekubali nini? Mwakani unakwenda kukaa kwake miezi mitatu."

Nabangala alifikiri kidogo. "Basi nitahitaji sanduku," alisema, akampakata mjukuu.

Wiki ya pili ya ugeni, Mugisho aliitwa mbio nyumbani kwa Nabangala. Doña Rosario alikuwa ameamka mapema, akachukua wali na maharage ya jana, akavichanganya kwenye kikaango kimoja. Nabangala, ambaye kwake maharage yana bakuli lake, alikuwa amesimama kati yake na jiko. Mmoja alisema kwa Kihispania, mwingine kwa Kiswahili, wote kwa pamoja, na mwiko ukipita mkono huu na huu.

Mugisho alisikiliza mlangoni. "Mnataka nitafsiri?"

"Hapana," alisema Nabangala bila kugeuka. "Nimemwelewa. Yeye ndiye aliyekosea."

Wakala wote ule mchanganyiko, na Nabangala akajiongezea sahani ya pili.