Upenu wa Marehemu Sospeter

Mwalimu Elinipa aliingia uani kwangu Misugusugu, ninapouza vifaa vya ujenzi na vitu chakavu, na kitenge cha msiba, akaulizia feni kubwa ya banda la kuku. Nilikuwa nayo, mfugaji mmoja wa Kongowe alifilisika, nikaibeba.

"Shikamoo, Mwalimu. Unafuga?"

"Marahaba. Sifugi. Nataka upepo."

Nikapandisha bei. Akaizungusha kwa kidole, akasikiliza. "Beringi imekufa hii. Usinifanye mjane mara mbili." Nikashusha.

Mumewe, Sospeter, ndiye aliyechora na kusimamia kanisa la mtaa wao, Kisarawe. Dhoruba ya vuli iling'oa paa likamuua. Lawama akabebeshwa Kondo, fundi wa paa: eti aliiba misumari, akapigilia nusu. Tangu hapo hapewi kazi. Mwalimu, fizikia kaifundisha miaka thelathini, alitaka kulithibitisha hilo. Na misumari ile niliiuza mimi, wapo walionong'ona kuwa ni mibovu. Feni nikaipeleka mwenyewe.

Sebuleni kwake palijaa sanduku refu la plaiwudi, la kujaribia nguvu za upepo: mdomo mpana, kiuno chembamba, dirisha la kioo. Nikataka kuifunga feni mdomoni.

"Nyuma! Iuvute upepo. Ikisukuma, upepo unaingia umevurugika, na upepo uliovurugika unasema uongo."

Mdomoni alipanga vipande vya mabomba ya umeme, mamia, kama sega la nyuki, viunyooshe upepo.

Siku ya kupima aliwaita wazee wa kanisa, na Kondo. Kiunoni mwa sanduku akaweka kanisa dogo la mbao, pini badala ya misumari, na ule upenu mpana aliosifika nao Sospeter, unaokinga waumini na mvua. Akaanza na nusu ya pini. Paa likaruka. Kondo akainama.

"Basi, imetosha," alisema mzee Calist.

"Bado." Akarudisha pini zote. Likaruka vilevile. Akaukata upenu kwa wembe, akatoa tena nusu ya pini. Feni ikavuma, paa likatulia.

"Mwalimu, zima," Calist akasema. "Haya tuyaache humu humu."

"Ya Kondo mliyasema barazani. Na haya yasemeni huko huko." Akamgeukia fundi. "Kondo, mwanangu, nisamehe. Kosa ni la mume wangu."

Kondo ndiye aliyeezeka upya, upenu mfupi. Misumari yangu ikasafishika, ingawa mabati niliuza pungufu ya nilivyopiga hesabu. Jiwe la jina la Sospeter, ambalo wazee walishalichongesha, halikuwekwa ukutani. Mwalimu alilichukua. Liko sebuleni, limekandamiza sanduku lisitikisike feni ikiwaka.