Mikono ya Msusi

Kichwa cha binti wa msusi kilikuwa kibao cha biashara. Kila Jumapili jioni mama yake alimweka katikati ya magoti, akamfumua, akamsuka mtindo ambao mtaa ulikuwa haujauona, na wiki nzima binti akaenda nao shule na kurudi. Mafuta mapya yakiingia dukani, kichwa cha kwanza kuyaonja kilikuwa hicho.

Chumba cha kusukia kilikuwa kile cha mbele: viti viwili vya plastiki, kioo, beseni la maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta, na rafu iliyojaa makopo ya mafuta. Mikono ya msusi iling'aa tangu asubuhi. Ukimpa mkono wa salamu, unaondoka umepakwa.

Binti alipotimiza miaka kumi na sita, chunusi zikamtoka. Si zile mbili tatu za kuja na kuondoka. Zilijipanga kwenye paji la uso, zikateremka panjani mpaka karibu na masikio. Mama akazitangazia vita, na uwanja wa vita ukawa uso wa mtoto.

Alianza na karanga. Zikapigwa marufuku ndani ya nyumba, na chipsi pamoja nazo. Chunusi hazikushtuka. Akahamia kwenye uchafu. "Wewe unaoga kama paka, unajilambalamba tu!" Akamsugua kwa dodoki hadi uso ukavimba. Halafu siku moja, mbele ya wateja watatu, akasema kwa sauti, "Hizo ni za kuwaza wavulana." Wateja wakacheka. Binti akaweka chini beseni alilokuwa ameshika, akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Kisha likaja limau. Mteja mmoja, wa wale wanaojua kila kitu isipokuwa mambo yao, alisema limau na magadi ya kuumulia mikate hukausha chunusi kwa siku moja. Asubuhi iliyofuata msusi akakoroga, akampaka mwanawe uso mzima, mashavu kwa paji.

"Mama, inachoma."

"Dawa lazima ichome. Tulia."

Mtoto akaoshwa juujuu, akatoka na limau lake usoni juani. Saa sita mwalimu akamrudisha nyumbani. Siku ya tatu ngozi ya mashavu ikabambuka, ikaacha mabaka meusi. Chunusi nazo zilikuwa palepale, zimekaa kama wenye nyumba.

Tangu siku hiyo binti alivuta kitambaa kichwani mpaka karibu na nyusi, hata ndani ya nyumba. Na maneno yake yakabaki matatu: ndiyo mama, hapana mama, nimeshiba. Msusi, mwanamke ambaye angeweza kulifanya jiwe lipige soga, akawa anaishi na mtoto asiyemtazama. Jumapili alimsuka kimya, akamwona kisogo tu. Alijiambia yatapita. Hayakupita. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia, naye akaanza kuogopa kwamba atamlea mpaka aolewe bila kumwona tena uso.

Jumamosi moja muuguzi wa zahanati alikuja kusukwa. Binti alipoleta maji, muuguzi akamtazama na kile kitambaa.

"Binti yangu, naomba nikuone usoni. Kama hutaki, basi, hatugombani."

Hakuna aliyewahi kumwomba. Wote walikuwa wanamshika kidevu na kukigeuza. Binti akakivua kitambaa. Muuguzi akaangalia bila kumgusa.

"Mashavuni hakuna chunusi kabisa, hapa umeungua. Chunusi zinaanza pale nywele zinapoanzia, zinashuka na kitambaa. Nani anakupaka mafuta kichwani?"

Mikono ya msusi ilikuwa ndani ya nywele za muuguzi, nayo ikasimama.

"Mimi," akasema.

"Mengi?"

"Kiasi."

"Kiasi gani, shoga?"

"Ya kung'aa wiki nzima."

"Basi yakipata joto yanateremka. Akilala yanahamia kwenye foronya, foronya inayarudisha usoni. Ngozi ya umri huu ina mafuta yake tele. Ukiongeza yako, vinyweleo vinaziba."

"Na karanga?" akauliza mteja wa kiti cha pili.

"Karanga haina kesi hapa."

"Na kuwaza wavulana, anti?" Ilikuwa sauti ya binti.

Muuguzi akacheka. "Ingekuwa hivyo mtaa mzima ungekuwa na chunusi." Alicheka peke yake.

Kabla ya kuondoka aliacha masharti. Limau lirudi kwenye chai. Uso uoshwe asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo kali, ukaushwe kwa taulo lake mwenyewe, kwa kugusisha, si kusugua. Foronya ifuliwe kila baada ya siku mbili. Akitaka mshubiri, jani lisimamishwe kwanza mpaka maji ya njano yachuruzike yote, ule ute mweupe ujaribiwe mkononi siku moja, ndipo upakwe usoni. Utatuliza ngozi, hautafanya miujiza. Asikamue hata moja. Na miezi miwili ikipita bila nafuu, waende zahanati, si kwa jirani.

Kesho yake jioni binti alikuja akakaa katikati ya magoti kama kawaida. Msusi alishika kitana, akashindwa kuanza.

"Mwanangu, zile chunusi nilikupaka mimi. Na kuungua, nilikuunguza mimi. Nisamehe."

"Nimeshajua tangu jana."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini, mama? Yote ulishayasema wewe."

Msusi akaanza kufumua, msuko mmoja mmoja.

"Ninyoe," binti akasema. "Zote."

Jumatano bibi harusi na wenzake sita walikuwa wanakuja kuchagua mtindo, na walitaka kuuona kichwani mwa binti. Msusi akaenda kunawa kwa sabuni mpaka viwikoni, mara mbili, akarudi na mkasi.

Bibi harusi alikwenda kwa msusi mwingine. Mtaa ukapata la kusema: mama msusi, mtoto kipara. Msusi aliwaacha waseme.

Kila asubuhi akapasha maji, akayaweka bafuni, akatoka. Kuosha alijiosha mwenyewe. Wiki ya pili hapakuwa na tofauti. Ya nne, vipele vya panjani vikaanza kunywea. Mabaka yalibaki, na muuguzi alisema yatachukua miezi, mengine labda mwaka. Kitambaa hakikuvuliwa.

Wiki ya saba binti alitoka bafuni kichwa wazi, maji yakimtiririka shingoni, akamfuata mama yake mlangoni palipokuwa na mwanga.

"Mama, hebu niangalie. Hiki ni kipya au kile cha juzi?"

Msusi akaficha mikono nyuma, akainama, akaangalia kwa muda mrefu kuliko kipele kilivyohitaji.

"Cha juzi," akasema. "Kinakauka."