Waya Kwenye Kitufe cha Kushoto

Kiwandani walimwita Bi Mkasi, na utani huo hakuukataa. Mumewe alipofariki alimwachia nyumba ndogo, binti mmoja, na jina lisilo na doa, naye akaapa kwamba vyote vitatu atavitunza kama alivyovikuta. Ndiyo maana hakuzunguka kwa mashemeji kulia shida. Aliingia kazini kwenye kiwanda cha uchapaji, chumba cha kukatia karatasi, akavaa koti la kijivu ambalo alilipiga pasi kila Jumapili kama nguo ya harusi.

Mashine ya kukatia ilikuwa pana kuliko kabati la nguo. Kisu chake kilishuka bila kelele, kikapita kwenye rundo la karatasi, kikapanda tena kama hakikufanya kitu. Mbele yake kulikuwa na vitufe viwili, kimoja kulia na kingine kushoto, vimeachana mbali. Kisu hakikushuka mpaka vyote viwili vibonyezwe pamoja, ili mikono ya mkataji isipate nafasi ya kuwa chini yake. Mtu wa pili ndiye aliyeingiza karatasi na kuzinyoosha. Hapo Bi Mkasi aliweka sheria yake mwenyewe. Mkataji huuliza, "Mikono?" Mwenzake akishajirudisha nyuma hujibu, "Nimetoa." Jibu lisipokuja, kisu hakishuki, hata kama meneja amesimama mlangoni na saa mkononi.

Bintiye alipoolewa na kijana mpole asiye na kazi, Bi Mkasi ndiye aliyemwombea nafasi pale pale. Alimfundisha kila kitu: kunoa macho kabla ya kunoa kisu, kuligonga rundo mezani mpaka kingo zilingane, na kufunga mizigo kwa fundo la kujirudia ambalo halifunguki njiani. Nyumbani kijana alikuwa mkwe, akimsalimu kwa kuinamisha kichwa. Kazini alikuwa mwanafunzi wake. Heshima hizo mbili walizibeba vizuri bila kuzigonganisha.

Jumapili moja bintiye alikuja na mtoto mgongoni. Akiwa anakunja nguo kitandani, akasema, "Mama, safari hii tunahama kile chumba. Mume wangu ameongezwa tena." Akautaja mshahara wa mumewe, kisha akacheka. "Sasa wewe mwalimu wake si unalala juu ya pesa? Na bado unavaa viatu vya viraka!"

Bi Mkasi aliendelea kumbembeleza mjukuu. Kiasi alichosikia kilikuwa karibu mara mbili ya chake.

"Viatu vyangu vinajua njia," alisema. "Vipya vitanipoteza."

Binti akacheka zaidi. Mama naye akacheka, maana aibu ya nyumba haianikwi mbele ya mtoto. Lakini bintiye alipoondoka, alikaa na kikombe cha chai mpaka kikapoa, na hakukumbuka kukinywa.

Kesho yake alipanda ngazi za chuma kwenda ofisi ya meneja. Meneja alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye tabasamu ambalo halikufika machoni.

"Nimekuja kuuliza jambo moja," alisema Bi Mkasi. "Kazi ninayofanya mimi na ile ya mkwe wangu, zinatofautiana wapi?"

"Aa, mama. Yule ni fundi. Wewe umeandikishwa msaidizi."

"Msaidizi wa nani? Wa mtu niliyemfundisha kushika karatasi?"

"Tuelewane. Yule ana familia."

"Na mimi nililea nini miaka yote hiyo, meneja? Kuku?"

Meneja alitabasamu, akaisogeza kalamu yake ikae sambamba na ukingo wa meza. "Wewe una mkwe, Bi Mkasi. Chake si chako? Mshahara wake unazunguka tu, mwisho unakufikia mlangoni. Sasa niambie, unataka muwe sawa?"

"Nataka haki yangu."

"Basi mtakuwa sawa," alisema meneja kwa upole, na upole ule ukamfuata Bi Mkasi kwenye ngazi kama mtu anayenyemelea.

Mwisho wa mwezi mkwe alipanda ofisini akipiga mluzi. Aliposhuka mluzi ulikuwa umekatika. Mshahara wa Bi Mkasi haukupanda hata shilingi; wa mkwe ndio ulioshushwa mpaka ukalingana na wake. Meneja alimwambia neno moja tu: "Kamshukuru mama mkwe wako."

Kijana hakumtukana wala hakulalamika. Laiti angelalamika. Tangu siku hiyo walifanya kazi kama watu wawili kwenye msiba wa mtu wasiyemjua.

"Mikono?"

"Nimetoa."

"Mikono?"

"Nimetoa."

Siku zilivyokwenda, jibu lilizidi kuchelewa, na mara nyingine Bi Mkasi alisubiri vidole vyake vikiwa juu ya vitufe. Jumapili iliyofuata mjukuu hakuletwa. Majirani waliuliza kama mtoto anaumwa, naye akawajibu kwamba ana mafua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo aliusikia unakuja, ila hakujua utatokea upande gani.

Ulitokea Jumatatu asubuhi. Aliingia chumba cha kukatia, akaona kitufe cha kushoto kimefungwa kwa waya, kimebonyea mpaka ndani. Sasa kisu kingeshuka kwa kitufe kimoja tu, mkono wa pili ukiwa popote utakapokuwa. Aliinama autazame waya. Ulikuwa umefungwa kwa fundo la kujirudia.

Mkwe alikuwa amesimama nyuma ya mizigo, tayari amevaa koti.

"Baba," alisema Bi Mkasi taratibu, "hili fundo ni langu."

Kijana aliangalia sakafu. "Mama, nisamehe. Meneja aliniita Ijumaa. Amesema nikiweza kukata peke yangu, mkono mmoja kwenye karatasi na mmoja kwenye kitufe, atanirudishia mshahara wangu. Tena na nyongeza."

"Na mimi?"

Jibu kijana alikuwa nalo tangu Ijumaa, kwamba mama mkwe hatahitajika tena; ndiyo maana mjukuu hakuletwa.

"Mkeo anajua kuhusu huu waya?"

"Anajua nitarudishiwa mshahara. Waya hajui. Mama, kule tunakohamia tumeshalipa."

Bi Mkasi alimtazama vidole. Vilikuwa virefu, safi, na pete ya ndoa katika kimoja. Akilini alimwona bintiye akimfunga mume asiye na mkono vifungo vya shati, akimkatia nyama kwenye sahani, na watu wakisema pembeni kwamba nyumba ile iliponzwa na tamaa.

Alizima swichi kubwa ukutani. Akachukua spana, akapiga magoti mbele ya mashine, akaanza kulegeza bolti za kisu.

"Mama, unafanya nini? Utafukuzwa."

"Nifukuzwe nikiwa na mkwe mwenye mikono miwili."

Bolti zilitoka moja baada ya nyingine, akazitia mfukoni mwa koti. Kisu kilibaki kimeshikiliwa na mbili za mwisho, kizito, kikimeremeta kwa mafuta. Mkwe alikuwa ameegemea meza ya mashine, kiganja kikiwa pale pale karatasi hukaa. Bi Mkasi hakuinua macho.

"Mikono?" aliuliza.

Juu, mlango wa ofisi ulifunguliwa. Viatu vya meneja vikagusa ngazi za chuma, bila haraka, vikianza kushuka.

"Baba, nimeuliza. Mikono?"

Kijana alirudi nyuma hatua moja.

"Nimetoa," alisema, kisha akainama, akaanza kufungua waya.

Viatu viliendelea kushuka. Bi Mkasi alitoa bolti mbili za mwisho, akashusha kisu kwenye ubao wa kukilaza, akakifunika, akasimama na kunyoosha koti lake la kijivu. Mfuko ulikuwa umevutwa chini na uzito wa bolti. Aliuwekea mkono juu, akageukia mlango.