Waliojibu kwa Kuogopa Gari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa ulimi na kutuamuru tuutumie kwa haki. Namshukuru kwa umri alionijalia, na kwa hofu nyingi alizonivusha.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, meneja mpya wa shamba la mkonge kule Mnyuzi, nilikokuwa karani, aliniita ofisini. Miaka ile mashamba ya serikali yalikuwa yakiuzwa kwa watu binafsi, na walioitwa mara nyingi hawakurudi kwenye viti vyao.

Kumbe aliniitia kompyuta. Tulikuwa na moja tu, na ndani yake programu ndogo ya kupanga kazi za siku: nani akate mkonge, nani aanike, trekta lipi liende wapi. Bi Zaina, mjane aliyenifundisha kazi, alijua hiyo tu.

“Nasikia kuna nyingine mpya, na kila ofisi inaitumia,” meneja alisema. “Zunguka Korogwe uulize. Yenye watu wengi ndiyo tutabaki nayo. Asiyeijua atatupisha.”

Bi Zaina alikuwa amesikia. “Nenda tu,” aliniambia. “Wakisema mpya, nitauza maandazi stendi. Wewe utanunua kwa bei ya mgeni, si ya jirani.” Alicheka, lakini mimi sikuweza.

Nilikwenda kwa gari la meneja. Kiwanda cha mbao, duka la kuchapa barua, chuo cha ufundi. Kote nilishuka, nikatoa salamu ya haraka na kuuliza: mnatumia ile ndogo au ile mpya? Kote walitazama gari kwanza, kisha wakajibu, “Ile mpya.”

Adhuhuri nikaswali kwenye msikiti wa Old Korogwe. Mwalimu wangu wa Kurani, Mzee Hizza, aliniuliza kilichonileta mjini. Nikamweleza.

“Ulikaa ukawajulia hali?”

“Sikukaa, mzee.”

“Hapa kwetu, anayeshuka garini na kuuliza jambo kabla hajauliza habari za watoto na shamba ni mtu wa kodi, au mtu wa kupunguza wafanyakazi. Wewe ungemjibu nini?”

“Lile litakalomwondoa mlangoni, mzee.”

“Basi hukuhesabu wanaotumia. Umehesabu wanaoogopa. Na kwa hilo utamtoa mjane wa watu kazini?”

Maneno yale yalinitisha kuliko meneja. Nikamwambia dereva atangulie, nikarudi kwa miguu kote nilikopita asubuhi. Safari hii nilikaa. Kiwandani walinipa chai, na karani akaniambia, “Kaka, asubuhi tulidhani umekuja kutufunga.” Akafungua kompyuta yake, ndani mlikuwa na ile ndogo. Dukani ile mpya ilikuwepo, ila kwenye kompyuta iliyofunikwa kitambaa. “Tunaiwasha wakija wageni,” mwenye duka alisema. Chuoni waliitumia kweli ile mpya, na waliisifu kwa haki.

Alasiri nilirudi Mnyuzi kwa basi, nikasimama mbele ya meneja.

“Asubuhi wote walisema mpya. Sasa ni chuo peke yake.”

“Kwa nini walidanganya?”

“Waliogopa gari lako, bwana. Na mimi naogopa hata sasa.”

Akauliza, “Na wewe mwenyewe, ile mpya? Umewahi kuitumia?”

“Hapana, bwana.”

“Niitie Bi Zaina.”

Alipoitwa alichukua mkoba wake, kama walivyofanya wote walioitwa. Mlango ukafungwa. Nikabaki nje nikisoma Ayatul Kursi, nikikosea mahali nilipopajua tangu utotoni. Alipotoka, mkoba bado ulikuwa kwapani.

“Anataka nimfundishe ile ndogo yetu,” alisema, akakaa kwenye kiti chake.

Mwanangu, siku hizi mnaambiwa kila saa kwamba chombo fulani kinatumiwa na wote, na moyo unakwenda mbio usije ukaachwa. Usikimbie. Kaa na watu, uwajulie hali, uone mikono yao inafanya nini wakiwa hawana mgeni. Na ukipewa kazi ya kuuliza, hakikisha hawakuogopi wewe, maana jibu la mtu mwenye hofu linaweza kumtoa mwingine kwenye riziki yake.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuondolee hofu ya watu na akuachie hofu yake peke yake, akupe riziki ya halali na majirani wanaokuambia kweli. Amina.